Ukingo wa Tuta la Maua Huanzia Chini ya Ardhi

Mwaridi wangu wa pembeni ulikuwa umedumaa. Niliumwagilia, nikauwekea mboji, nikaupogoa matawi makavu, na bado ulitoa vichipukizi vyembamba vilivyosinyaa kabla ya kuchanua. Asubuhi moja nilipiga magoti na kijiko cha bustani, nikaanza kufukua udongo taratibu kuzunguka shina. Sikukuta mdudu wala ugonjwa. Nilikuta ukoka. Majani yake hayakuonekana, maana juu ya udongo palikuwa safi kabisa. Vilikuwa vikonyo vyake vya chini, vyeupe na vyenye pingili, vimejisokota kwenye mizizi ya mwaridi hata usijue kipi ni cha nani.

Nikashika kimoja na kukivuta bila kukikata. Kilinitoa kwenye mwaridi, kikanipitisha chini ya maua mengine, kikanifikisha kwenye mawe niliyoyapanga moja moja kuzunguka tuta lile miaka miwili nyuma. Nikainua jiwe. Chini yake udongo ulikuwa na unyevu mzuri, na vikonyo vilikuwa vimelala humo kama nyuzi kwenye mkeka, ncha zao ngumu na kali kama sindano, karibu zote zikielekea upande wa maua, kwenye mboji na maji yangu. Yale mawe niliyoyapenda yalikuwa yamekaa juu ya ardhi tu. Ukoka ulipita chini yake na kupata kivuli njiani.

Siku hiyo ndiyo niliyoelewa kazi ya ukingo. Nilikuwa nimeuchagua kwa macho, kwa rangi ya jiwe na umbo lake, ilhali sehemu inayofanya kazi ni ile ambayo hakuna mgeni atakayeiona.

Ukoka una njia mbili. Ya kwanza iko juu: vikonyo vinavyotambaa ardhini na kuota mizizi kila pingili inapogusa udongo. Hiyo unaiona, na unaikata. Ya pili iko chini, na sehemu kubwa ya vikonyo vyake hukaa ndani ya sentimita 15 za juu za udongo, ingawa kwenye udongo laini vinaweza kushuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kufikiria matofali, chuma au mbao ni hili: nyasi zako ni za aina gani? Zipo nyasi zinazokua kwa mafungu, kila shina likinenepa palepale lilipo. Hizo hazisumbui, na hata mfereji mdogo huzitosha. Lakini kama una ukoka, au ile nyasi ya majani mapana inayotambaa kwa vikonyo vinene, ukingo wa sentimita tano utakupa mstari mzuri kwa msimu mmoja tu.

Kuna kazi nyingine mbili. Ukingo huzuia udongo na matandazo, yaani majani makavu yanayofunika udongo, yasisombwe na mvua hadi kwenye nyasi, na humpa anayekata nyasi mahali pa kuishia. Hiyo ya mwisho hudharauliwa mno. Mtu akishapanga matofali yaliyosimama sentimita kumi juu ya ardhi, tairi la mashine haliwezi kusogea karibu, na kila juma anabaki na ukanda wa nyasi ndefu wa kukatwa kwa mkasi. Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding mwaka 1830. Kabla yake watu walitumia mundu mrefu. Tangu hapo ukingo mzuri umekuwa ule ambao tairi moja la mashine linaweza kupita juu yake.

Ukingo usionunuliwa

Kabla sijagusa tofali, nilikaa mwaka mzima na ukingo wa kukatwa kwa beleshi. Namshauri kila mtu aanze nao, hata yule mwenye matofali yaliyokwisha kuletwa uani. Ni mfereji tu kati ya nyasi na tuta. Upande wa nyasi unaukata wima kabisa, kama ukuta, kina cha sentimita 12 hadi 15. Upande wa maua unauacha uteremke kwa mlalo. Kikonyo kinachotoka kwenye nyasi kinafika kwenye ule ukuta na kutokea hewani. Hakina udongo mbele, kinakauka au kinajionyesha, nawe unakikata.

Siri iko kwenye beleshi. Linolewe kwa tupa hadi likate mizizi badala ya kuivuta. Mwagilia ardhi siku moja kabla, maana udongo mkavu hubomoka ukutani na udongo uliolowa chepechepe hung'ang'ania chuma. Simama upande wa nyasi ukitazama tuta, weka beleshi wima, likanyage, livute kidogo, sogea nusu ya upana wake, rudia. Usitumie jembe. Jembe huja na mlalo wake, na ukuta ukilala hata kidogo nyasi zinashuka nao kama ngazi.

Udhaifu wake ni kwamba mfereji hujaa. Mvua huangusha kingo, matandazo hudondokea humo, na baada ya miezi minne hivi unahitaji kuukata upya. Nilikuwa nikiukata mara tatu kwa mwaka, na kila mara nikichukua ukanda mwembamba wa nyasi bila kukusudia, hivi kwamba tuta lilikuwa likinenepa. Lakini mwaka ule ulinipa kitu kikubwa kuliko ukingo wenyewe: ulinifundisha umbo la tuta. Mara mbili nilibadili kona baada ya kuona watu wanavyopita. Laiti ningekuwa nimeshamwaga zege, ningeishi na kosa lile.

Vitu vya kuwekea ukingo

Watu wamejaribu kila kitu. Mwaka 1629 mfamasia na mtunza bustani wa Uingereza, John Parkinson, aliorodhesha vitu vilivyotumika wakati wake: madini ya risasi yaliyokatwa kuwa ukanda, mbao za mwaloni, vigae, kokoto za mviringo, na hata mifupa ya miguu ya kondoo iliyochomekwa ardhini mpaka iwe myeupe kwa jua. Wengine walitumia mifupa ya taya, ambayo yeye aliiona haipendezi. Karibu miaka 400 imepita na bado tunatafuta kitu kilekile, kitu kisichooza na kisichong'oka.

Nianze na plastiki, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa sana na ndiyo inayokatisha watu tamaa. Ile nyembamba ya kukunjwa, yenye mawimbi juu, nimeitumia kwenye tuta la nyuma. Ilinyanyuka. Imetengenezwa ikiwa imekunjwa, na haisahau mkunjo wake. Joto likipanda inatanuka, mvua ikinyesha udongo unavimba, na kidogo kidogo inajisukuma juu hadi unaikuta imekaa nje kama utepe. Jua nalo huifanya ikauke na kuvunjika. Kuna aina nzito, yenye bomba juu na mdomo uliopinda chini wa kuishikilia ardhini, inayofungwa kwa vigingi virefu vya chuma. Hiyo ni kitu kingine kabisa, inadumu. Ukiinunua, itandaze juani saa moja au mbili kabla ya kuiweka. Italainika na kukutii kwenye mapindo.

Mbao zinapendeza, na kwa mistari iliyonyooka hufungwa haraka. Tatizo lao liko pale udongo unapokutana na hewa: pana unyevu na hewa kwa pamoja, na kuoza huanzia hapo. Penye mchwa, muda wake ni mfupi zaidi. Hapa nina jambo ninalolisema kwa uzito. Mataruma ya reli ya zamani yamelowekwa kwenye kreosoti, lami yenye sumu inayotoka kwenye makaa ya mawe, na siku ya jua kali unaiona ikichuruzika. Yasiwe karibu na mtoto anayecheza, wala karibu na mboga. Vilevile mbao za zamani za rangi ya kijani iliyofifia huenda zilitiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Marekani waliacha kuzitengenezea matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, lakini zilizokuwapo bado zinazunguka kama mbao za kuokota. Na kupaka mbao oili chafu ya gari ili zisiliwe na mchwa ni kuimwaga oili hiyo kwenye udongo unaoulisha.

Chuma ndicho ningechagua kama tuta langu lingekuwa la mapindo mengi. Ukanda wa milimita tatu unakaa ardhini sentimita 15, juu unaona mstari mwembamba tu, na vikonyo havina pa kupenyeza. Ipo aina ya chuma inayoachwa ipate kutu makusudi: kutu ya kwanza hushikana na kuwa ngozi inayokinga chuma cha ndani, na rangi yake ya udongo mwekundu hukaa vizuri na majani. Isipakane na njia ya mawe meupe, kwa maana mwanzoni maji yake huacha madoa ya hudhurungi. Alumini haipati kutu na hupinda kwa mkono, ila ni laini, na gurudumu la toroli linaweza kuikunja. Kwa chuma chochote, angalia makali ya juu. Mguu mtupu wa mtoto anayekimbia kwenye nyasi hauoni mstari wa milimita tatu. Nunua uliokunjwa juu, au uuzamishe hadi usawa wa ardhi.

Mimea ya ukingoni, kama lavenda au nyasi fupi za mafungu, ni pambo zuri sana la mstari. Haizuii ukoka hata kidogo. Unaota katikati yake, na kuung'oa humo bila kuharibu mmea ni kazi ya kutoa machozi. Chupa zilizopinduliwa zinavutia mpaka moja ivunjike. Matairi sitayazungumzia.

Mawe? Bado nayapenda. Lakini jiwe la mviringo likikaa karibu na lingine la mviringo linaacha pembe tatu ya udongo katikati, na hiyo ni mlango. Anayeyataka ayazike theluthi moja, na chini yake kwa upande wa nyasi asimamishe karatasi nzito ya plastiki.

Nilichagua matofali ya kuchoma. Si yote yanafaa. Shika moja kila mkono uyagonganishe: lililoiva vizuri linalia kama chungu kizima, lisiloiva linatoa mlio wa kufa, na hilo likikaa kwenye udongo wenye unyevu litakuwa unga baada ya misimu michache. Nilirudisha karibu thelathini kwa jaribio hilo, na fundi aliyeyaleta alinitazama kwa mshangao mwanzoni, kisha naye akaanza kuyagonga.

Kuchora mstari

Mpira wa maji ndiyo kalamu ya kazi hii. Ulaze juani ulainike, kisha uutandaze kwenye nyasi kwa umbo unalolitaka. Ondoka. Uangalie ukiwa mlangoni, ukiwa dirishani, ukiwa kwenye kiti unachokalia jioni. Pindo linalopendeza ukiwa umelisimamia juu huweza kuonekana kama kidonda ukiwa mbali. Mapindo machache marefu hushinda mengi madogo, na sababu si uzuri tu: sukuma mashine ya kukata nyasi kuufuata mpira, ikiwa imezimwa. Mahali inapokwama au inapolazimika kurudi nyuma, mpira usogee, mashine haitabadilika. Ukiridhika, mwaga mchanga mkavu au majivu kando yake, uuondoe, na mstari unabaki. Kwa sehemu iliyonyooka tumia vigingi viwili na kamba iliyokazwa, usiamini jicho.

Kabla ya kuchimba, jua nyaya za umeme na mabomba ya maji yamepita wapi. Sentimita 20 zinaonekana chache, lakini mara nyingi bomba la bustani limefukiwa kwa kina hichohicho.

Siku mbili za matofali

Matofali yangu yalikuwa na urefu wa sentimita 22, upana 11 na unene 7. Nilitaka safu mbili. Ya ndani, upande wa maua, matofali yamesimama wima kwa urefu wake, sentimita 18 ardhini na nne juu ya kushikilia matandazo. Ya nje, upande wa nyasi, matofali yamelala yakikingama mstari, sawa na ardhi, ili tairi lipite juu. Kwa safu zote mbili kila tofali lilikula sentimita 11 za mstari, yaani tisa kwa mita. Mstari ulikuwa mita 14: 126 kwa safu, 252 kwa zote. Nikaongeza sehemu ya kumi kwa yatakayovunjika, nikaagiza 280.

Mfereji ulikuwa na ngazi mbili. Wa ndani mwembamba, kina sentimita 21: kumi na nane za tofali na tatu za mchanga. Wa nje mpana, kina sentimita 15: kokoto tano, mchanga tatu, tofali saba. Udongo wa juu wenye rutuba niliuweka kwenye turubai moja, na mapande ya nyasi kwenye lingine. Hayo usiyatupe kwenye mboji mbichi yakiwa hai. Kila kipande cha kikonyo chenye pingili ni ukoka mpya. Niliyaanika juani mpaka yakakauka kama mbao.

Nakiri jambo moja kuhusu matofali yasiyo na saruji: kati ya tofali na tofali pana ufa, na ukoka unaujua. Ndiyo maana kabla ya kusimamisha safu ya ndani nilitandaza ukanda wa plastiki nzito, upana sentimita 20, ukiwa wima kwenye ukuta wa nyasi wa mfereji ule mwembamba. Matofali yameubana, hauonekani. Ningeweza kujenga kwa saruji, na wengi hufanya hivyo, lakini udongo wangu hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na ukuta mwembamba wa saruji juu ya udongo wa namna hiyo hupasuka nao. Tofali lililokaa kwenye mchanga linatikisika kidogo kisha linarudishwa. Tena saruji mpya huachia chokaa, na mimea inayopenda udongo wenye asidi huisikia.

Nilianza na safu iliyosimama. Tofali la kwanza lilinichukua dakika kumi na tano, kwa sababu yote yanayofuata yanalitazama hilo. Weka pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, juu yake kwa urefu, kisha kwa upana. Nyundo ya mpira, pigo dogo, angalia tena. Kamba ikakazwa kwa urefu huo hadi mwisho wa sehemu iliyonyooka. Kwa upande wa maua nilirudisha udongo kwa matabaka ya sentimita tano, nikilishindilia kila tabaka kwa mpini wa nyundo. Ukimwaga udongo wote kwa mkupuo, unashikamana juu na kuacha utupu chini, na tofali linalala mvua ya kwanza.

Safu ya nje ilikwenda haraka zaidi. Kokoto zikashindiliwa hadi mguu hauachi alama, mchanga ukasawazishwa kwa ubao, tofali likawekwa, likagongwa. Niliyaacha juu kidogo kuliko ardhi, unene wa kidole kidogo, maana yatatulia. Kwenye pindo, matofali yaliyokingama hufunguka kama vidole vya mkono: ndani yanagusana, nje yanaachana. Mwanya ukizidi upana wa kidole, pindo lako ni kali mno kwa tofali zima. Likate, au lipanue pindo. Nililipanua. Mwisho nikamwaga mchanga mkavu juu, nikaufagia kwenye nyufa, nikamwagia maji, nikaufagia tena.

Sehemu mbili hazikufuata mpango. Upande wa chini, ardhi inateremka, na ukuta unaozuia udongo unazuia pia maji. Pale niliacha matundu kila mita moja na nusu, upana wa nusu tofali, nikayajaza kokoto badala ya udongo. Na pale tuta linapokaribia mti, mfereji ulikutana na mzizi mnene kama kifundo cha mkono. Mzizi wa kiasi hicho haukatwi kwa ajili ya mstari. Niliyakomesha matofali hapo, nikauacha mti na duara lake la matandazo lisilo na ukingo, na matandazo yenyewe hayagusi shina. Udongo uliorundikwa shinani huozesha gome.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja wiki ya tano. Asubuhi yake nilizunguka tuta lote nikikanyaga kila tofali. Matatu ya safu ya nje, yote kwenye pindo, yalikuwa yamezama. Niliyanyanyua kwa bisibisi, nikaongeza konzi mbili za mchanga chini ya kila moja, nikayagonga, nikafagia mchanga kwenye nyufa zake. Kisha nikaenda kwenye mwaridi na kufukua kwa vidole, kina cha kiganja. Udongo ulikuwa mweusi, na mizizi niliyoiona ilikuwa yake peke yake.